Mwezi wa Ugali na Cheti Chenye Jina Langu

Jumanne asubuhi. Mvua imekatika, milima imejifunika ukungu mpaka mabegani, na moyo wangu una jambo.

Lakini kwanza niwaseme. Mmekuwa wapi nyinyi? Rehema, mjukuu wangu anayechapa maneno haya kutoka kwenye daftari langu na kuyaweka kwenye blogu, ameniambia tangu nilipoandika habari za yule jogoo wangu mwehu hapiti mtu hapa. Hata salamu hamna. Kusema tu Bibi shikamoo kumewashinda, na simu mnashinda mmezikumbatia kama mtoto mchanga. Haya, marahaba, hata kama hamjasema. Ketini. Mmekula?

Kwa aliye mgeni: mimi ni Mwanahawa, bibi wa Kilosa, nyumba yangu iko njia ya kwenda Ulaya, Ulaya hii ya wilayani kwetu, si ile ya Wazungu. Shule sikuingia hata kwa kufagia. Herufi nilizijua nikiwa tayari na watoto watatu, kwenye kisomo cha watu wazima, zama za Ujamaa. Kwa hiyo mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya mlimani, na Rehema analalamika. Alalamike. Anausoma.

Leo nilipotoka kumwaga maji nimeukuta mwezi juu kabisa ya paa, nusu, asubuhi kweupe, na jua lenyewe ndiyo kwanza linatoka. Nimesimama na beseni nikiutazama mpaka uji ukaungua. Umri huu wote na bado mwezi wa mchana unanisimamisha kama mtu aliyeitwa jina lake.

Na wiki hii nina sababu ya kuutazama.

Rehema amekuja likizo akiwa na begi moja la nguo na kimpira kimoja cheupe, chepesi kama povu, kimechomekwa kwenye kijiti. Nikadhani ni pipi. Akasema huo ndio mwezi. Chuo kikuu amechukua somo la nyota na sayari, lile la wanaoanza, wanafunzi wamejaa ukumbini kama siku ya gulio, na mhadhiri wao hasimami mbele akasema peke yake saa nzima. Anauliza swali. Kila mtu analifikiria kimya kwanza. Halafu anamgeukia wa jirani wanapeana mawazo, halafu wanakaa wanne wanne, kila mmoja na kazi yake: mmoja anashika vitu, mmoja anaandika, mmoja anasema mbele za watu, na mmoja kazi yake ni kutokubali haraka. Rehema akasema hiyo ni mbinu mpya kabisa ya kufundishia.

Nilicheka mpaka nikashika nguzo.

Nikamwambia mbinu yenu hiyo sisi tumeifanya tukiwa tumekalia magunia ya pamba, na watoto mgongoni, na mwezi wetu ulikuwa tonge la ugali. Hakuamini. Akaenda kupekua sanduku langu, maana mtoto huyu tangu mdogo akibishana na wewe anatafuta ushahidi, na huko chini kabisa, chini ya doti za kanga ambazo sijavaa, akakitoa cheti. Kimekuwa rangi ya chai. Kinasema kwamba Mwanahawa binti Omari amehudhuria na kumaliza mafunzo ya walimu wasaidizi wa kisomo, Mikumi.

Rehema alipiga kelele jirani wakatoka nje. Akakipiga picha, akawatumia wenzake wa kikundi, wenzake wakamwonyesha mhadhiri, na mhadhiri amejibu kwamba chuo kikifunguliwa, Ijumaa ya wiki ijayo, anaomba Bibi azungumze na darasa zima kwa simu. Nieleze jinsi wanawake wa kijijini walivyojifunza mwezi kwa vikundi. Ukumbi mzima utasikiliza.

Mimi nikatabasamu, nikasema sawa.

Nilisema sawa. Liache hilo hivyo hivyo, Rehema.

Jina ni langu. Cheti si changu.

Najua vidole vimesimama hapo, mjukuu wangu. Endelea kuchapa. Usirekebishe kitu, na usije jikoni kuniuliza mpaka umefika mwisho. Nimeshindwa kukwambia usoni kwa siku tano, ndiyo maana nimeamua uyakute humu. Wewe ndiye uliyewaambia watu bibi yako ni nani, kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza kustahili kujua.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha Ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Sisi wa bondeni, Waislamu wengi, na walioshuka kutoka milimani upande wa Mamboya, watoto wa misheni, tukajikuta tunasikilizana kukohoa. Nyumba ya kushoto kwangu akawekwa Salome. Alikuwa ameolewa juzi tu, mwembamba, mpole, anaongea kama anayeiomba radhi hewa anayoivuta. Alikuwa amegusa darasa la kwanza na la pili huko misheni kabla hajatolewa kulea wadogo zake. Mimi nilimzidi miaka kadhaa na watoto watatu, kwa hiyo kila asubuhi alinipa shikamoo kwa kupiga goti, hata tukikutana njia ya chooni. Aliniita dada. Nilimpenda. Naliandika hilo mapema kwa sababu yanayofuata hayataonyesha hivyo.

Kisomo kilikuwa saa tisa alasiri, baada ya shamba la kijiji, ndani ya ghala la pamba. Mwalimu wetu aliitwa Agnes, binti mdogo aliyetoka chuo cha ualimu, soksi nyeupe kwenye vumbi lile. Tulimcheka soksi. Yeye hakujali. Tulipomaliza silabi akaweka chaki chini, akasema leo hatuandiki, leo tunauliza: mwezi unakonda na kunenepa kwa nini?

Mtu mzima mwenye watoto watatu kuulizwa hivyo. Nilikuwa nauona mwezi tangu nizaliwe na sikuwahi kujiuliza. Nilisikia aibu kidogo, halafu nikasikia hamu, kama mtu aliyesikia harufu ya chakula kwa jirani.

Akatugawa wanne wanne. Kikundi chetu kilikuwa na mimi, Salome, Zaina aliyekuwa na mtoto anayenyonya, na Bi Pili, ambaye alikuwa anasinzia kabla hajakaa. Zaina kazi yake kushika vitu. Bi Pili kazi yake kukumbuka tuliyosema, Mungu amrehemu. Mimi msemaji, na hakuna aliyeshangaa. Salome akapewa kazi ambayo hatujawahi kuisikia: mbishi. Mwalimu Agnes akaeleza kwamba mbishi si mgomvi. Kikundi kikisema jambo, yeye anauliza tumelijuaje, na kama si hivyo je.

Sasa elewa kosa letu. Sisi tulijua mikutano. Kijiji kizima kiliendeshwa kwa mikutano, na mkutano tuliujua hivi: mwenye sauti anasema, wengine wanaunga mkono, makofi yanapigwa, watu wanakwenda kupika. Mtu alipokwambia kaa kikundi mzungumze, sisi tulisikia kaeni mkubaliane. Na umwambie msichana wa mlimani ambishie mtu anayempigia goti asubuhi. Mwalimu Agnes alikuwa ametoa kazi ambayo hakuna aliyelelewa kuifanya.

Mimi jibu nilikuwa nalo papo hapo. Mwezi una tumbo jeupe na mgongo mweusi, unajigeuza kama mtu kitandani. Zaina akasema kweli. Bi Pili akaitikia usingizini.

Salome akaniinamia sikioni. Akasema taratibu kwamba ameuchunguza mwezi wa mchana akiwa anapalilia. Asubuhi sehemu nyeupe iko upande jua linakotokea. Alasiri, siku nyingine, sehemu nyeupe iko upande jua linakozama. "Dada, kama unajigeuza wenyewe, mbona kila mara unaligeuzia jua tumbo?"

Nikamwambia, "Salome, kaa kimya, usituchanganye."

"Ndiyo, dada."

Basi. Nikasimama nikasema langu kwa sauti ile mnayoijua, na vikundi vingine, vilivyokuwa na mawazo yao, wengine mawingu, wengine mwezi unachoka, vikayaacha mawazo yao vikafuata la kwangu. Mikono ikanyooshwa ghala zima. Tukapiga makofi. Mwalimu Agnes akahesabu mikono yote kwa utulivu, akaichukua chaki yake.

"Mama zangu," akasema, "mwezi haupigiwi kura."

Hakutupa jibu. Akatutuma tuutafute mwezi mchana, tukiwa kazini, na kila mtu akaseme kwa kikundi chake alichokiona. Niliudhika. Nilimwona ni mtoto anayetuchezea. Lakini siku chache baadaye tuko kwenye pamba, asubuhi, nainua kichwa kufuta jasho, mwezi huo hapo juu, na upande wake mweupe umeelekea jua moja kwa moja. Nikarudi kupalilia. Nikainua tena kichwa. Ukawa bado umeelekea jua.

Nikavumilia mistari miwili. Halafu nikamwita Salome, nikamwambia hebu nirudishie ile ya juzi.

Hakunicheka. Ingekuwa mimi, ningecheka. Alifungua kitambaa chake cha kiporo, akafinyanga tonge la ugali likawa mviringo, akalichomeka kwenye spoki ya baiskeli aliyozoea kuchomea mahindi. Akanipa nilishike mbele yangu, mkono umenyooka, akanishika mabega akaanza kunigeuza polepole. Nilipolipa jua mgongo, tonge lilikuwa jeupe lote. Nilipogeuka ubavu likawa nusu. Nilipoelekea jua, upande wangu wa tonge ukawa giza, weupe umebaki ukingoni tu kama ncha ya ukucha. Akanizungusha tena. Kunenepa. Kukonda. Kunenepa. Na tonge halijajigeuza, ni mimi ninayezunguka, na jua liko palepale.

Nilizunguka pale shambani kama kuku aliyekunywa pombe mpaka msimamizi akapaza sauti. Nilihisi kama nimeishi kwenye nyumba miaka yote bila kujua ina dirisha.

Halafu nikaula mwezi, maana nilikuwa na njaa. Salome alicheka siku ile mpaka akakaa chini.

Ningeishia hapo, ningekuwa bibi mzuri.

Mwezi uliofuata akaja afisa kutoka wilayani kuona maendeleo ya kisomo. Ilijulikana kwamba atachagua mwanamke mmoja aende Mikumi kwa mafunzo ya mwezi mmoja, arudi awe msaidizi wa mwalimu. Salome aliitaka nafasi ile. Hakusema, lakini alikuwa ameanza kuandika herufi mchangani kila alipokaa, na Zaina alimsikia akiufundisha ukuta wa nyumba yake. Mimi pia niliitaka, na sababu zangu zilikuwa kupanda lori na kuitwa mwalimu.

Vikundi vikaonyesha vitu vyao nje ya ghala, kwenye jua la alasiri. Zamu yetu ikafika. Zaina akashika spoki. Mimi msemaji nikasema. Nikaeleza tonge, nikaeleza jua la asubuhi na la jioni, nikamzungusha yule afisa mwenyewe kwa mabega watu wakashangilia. Na kila nilichosema nilianza na mimi. Mimi nikaona. Mimi nikawaza. Mimi nikajiuliza mbona unaligeuzia jua tumbo.

Mwalimu Agnes alikuwa na kanuni yake: msemaji akimaliza, anaulizwa aliyenyamaza. Akamwuliza Salome, wewe mbishi, una la kuuliza, una la kuongeza?

Salome akaniangalia. Nilimwona anatafuta njia ya kusema bila kunivunjia heshima mbele ya mgeni, na hakuipata.

"Dada amesema yote," akasema.

Afisa akaandika jina langu.

Jumamosi alasiri, lori linakuja Jumatatu, Salome akaja kwangu na karanga za njiani. Nilidhani amekuja kunilaumu nikawa nimeshakunja uso tayari. Kumbe amekuja na tonge lake kwenye spoki. Akasema huko Mikumi watakuwepo waliosoma, wanaweza wakakubana. Ukilipa jua mgongo na tonge likawa usawa wa kichwa chako, kivuli cha kichwa kinalifunika, ndio kule kupatwa. Sasa wakikuuliza mbona mwezi mpevu haufunikwi kila mara, unafanya hivi. Akanishika kiwiko.

"Unainua mkono kidogo, dada. Njia yake imepanda kidogo, haipiti kwenye kivuli kila siku."

Alikuwa amelifikiria peke yake, wiki nzima, na amekuja kunikabidhi ili mimi nisiaibike.

Ningevumilia matusi. Lile sikulivumilia. Alipoondoka nilikaa na zile karanga mapajani na sikuweza kutafuna hata moja.

Nikaenda kwa Mwalimu Agnes, nikamwambia abadilishe jina, maneno yote ni ya Salome, mimi nilikuwa nayabeba tu. Akasema anajua. Siku ya kura alimsikia Salome akininong'oneza, alikuwa anasubiri nani ataongea. Lakini karatasi imeshafika Kilosa, na kubadilisha ni mpaka kikao, na kikao ni mpaka mafunzo yamekwisha. Halafu akaanza kufuta ubao uliokuwa tayari msafi, akasema Jumatatu asubuhi ana homa, hatakuwepo lori likipakia.

Mimi si mjinga.

Jumatatu nilimvisha Salome kanga zangu, nikamfunga kilemba, nikampandisha. Nikamwambia wakisoma Mwanahawa, wewe itika nipo.

Na sasa nikwambie ukweli ambao sijawahi kuusema, Rehema. Nusu ya pale ilikuwa haki. Nusu ilikuwa woga. Niliogopa kuulizwa la pili nikiwa peke yangu huko kwa wageni. Niliogopa kuacha wanangu. Kumpandisha lori kulinipunguzia mimi mzigo kama kulivyompa yeye nafasi.

Mambo ya Mikumi alinisimulia aliporudi, tukicheka tumeziba midomo. Mwanahawa binti Omari aliwekwa bweni moja na wanawake wa Kiislamu, na wanawake wale walikuwa wacha Mungu, wanamwamsha alfajiri kuswali. Binti wa misheni hajui aanzie wapi. Akasema yuko kwenye siku zake. Kesho tena, siku zake. Wiki ya tatu bado siku zake. Wakamwonea huruma, wakachanga, wakamletea dawa ya mizizi kutoka kwa mganga wa huko, chungu kama nyongo, naye akainywa yote kwa adabu. Jumapili alikuwa anasikia kengele ya kanisa kwa mbali akiwa anafua, anaimba kimoyomoyo.

Lakini alifaulu. Alirudi anaongea mbele za watu. Sauti ilikuwa ileile ndogo, ila sasa watu waliinama kuisikia. Alifundisha ghala lile miaka, mpaka kisomo chenyewe kikafifia. Na katika kikundi chochote alichokipanga, mbishi alimweka yule mdogo kuliko wote, na alikaa karibu yake mpaka abishe.

Cheti kikaja kwa jina langu. Nikakitundika ukutani.

Mwanzo nilijiambia ni kwa ajili ya kuficha siri, watu wa wilaya wakipita wasihoji. Halafu wageni wakawa wanasoma, wanasema kumbe wewe ni mwalimu, nami nikawa nasema tuacheni hayo, kwa namna ambayo mtu anazidi kuamini. Ilinoga. Alipokuja babu yako kunichumbia baada ya yule wa kwanza kufariki, alikisoma mara mbili.

Mara moja Salome alihitaji karatasi. Kanisani kwao walikuwa wanatafuta mwanamke wa kufundisha watoto, wanataka mwenye cheti. Nikakishusha ukutani, nikampelekea. Akakishika kwa mikono miwili, akakisoma chote, akanirudishia.

"Nitampelekea nani, dada? Mimi si Mwanahawa."

Alisema akicheka. Mimi nilicheka naye. Nafasi akaipata mwingine. Ndipo nilipokiweka chini ya kanga.

Nilimpa kazi, nikabaki na jina, nikaita hiyo ni haki. Miaka hii yote nimejihesabia kwamba nilimpandisha lori. Sikuwahi kuhesabu kwamba hana kitu cha kumwonyesha mjukuu.

Sasa Salome yuko Mikumi, kwa mwanawe, sikio moja limechoka, macho yangali makali. Nikienda tunakaa barazani tunabishana nani kazeeka. Hajawahi kunikumbusha. Hata kwa utani.

Juzi nilikaa na kile kimpira chako cheupe, Rehema, wakati umeenda dukani. Ulikuwa umeniambia kitu ambacho hakijaniachia usingizi mzuri: kwamba mwezi kweli unajigeuza, mara moja tu kila unapotuzunguka, ndiyo maana unatuonyesha uso uleule. Nikasema basi nilikuwa na kitu siku ile ghalani, ingawa si nilichodhani. Halafu nikajaribu uani. Nikaweka ndoo katikati, hiyo ndiyo dunia, nikaizunguka huku nimeitazama bila kugeuza shingo. Na kweli, nilipomaliza mzunguko, nilikuwa nimeshatazama mlimani, mtoni, barabarani na msikitini. Mwili umegeuka wote na ndoo haijaona kisogo changu. Kuku walinishangaa. Jambo la kwanza nililotaka ni kumwambia Salome. Si wewe, si mhadhiri. Yeye, aniulize nimejuaje, na kama si hivyo je.

Hapo nikajua la kufanya.

Rehema, Ijumaa hiyo usinipigie Kilosa. Alhamisi napanda basi la Mikumi na cheti kiko kifuani kwangu. Nitaomba nilale kwa Salome, na kabla hatujala nitamwambia mbele ya mwanawe na wajukuu wake nani alisoma na nani alibaki na karatasi. Pengine atakasirika. Ana haki, tena amechelewa kukasirika. Pengine hatataka kusema na ukumbi wenu, na asipotaka hutamsukuma, utawaambia wenzako bibi yako alikosea, basi. Na wale uliowatumia picha, watumie na haya. Yote, pamoja na ile "kaa kimya".

Lakini akikubali, tumeshapangana kichwani mwangu. Msemaji ni Salome, kwa jina lake, na mhadhiri wako alitaje jina hilo vizuri. Mimi nitasimama uani kwake kwenye jua nimeshika spoki na tonge, wajukuu zake waone. Na mbishi pia niwe mimi, kwa zamu yangu, nimwulize mbele ya ukumbi wote: kama mwezi unajigeuza, tumejuaje?

Akisema niinue mkono kidogo, nitainua.

Nanyi mliopita hapa leo, mkirudi msirudi mikono mitupu. Utafute mwezi mchana, uangalie upande wake mweupe na upande liliko jua, uje uniambie. Na umlete yule mwenzako ambaye mkikaa wanne huwa hasemi. Mtangulize mlangoni, yeye ndiye atakayeanza.